Mgeni alitupima kwa saa tukaonekana wavivu: kisa cha kiwanda chetu cha mashati, Gerezani

Wakuu, nawasalimu wote. Wale wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba.

Mjukuu wangu Rehema kaniwekea jukwaa hili kwenye simu, nasoma kimya kimya siku nyingi. Leo na mimi naanzisha uzi. Si uzi ndio ulikuwa kazi yangu?

Shule niliishia la nne, nikikosea herufi nisameheni. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na majina yote ninayo.

Kilichonichokoza ni hiki. Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta kitambaa. Muuza mashati mmoja anamwambia mteja, "Chukua hili la nje, mama. Wabongo wavivu bwana, wanalipwa kidogo na bado shati lao ghali!"

Nikageuka nimjibu, mkokoteni ukanisukuma mbele. Basi namjibia humu.

Zamani, watoto wangu wakiwa wadogo, nilishona kwenye kiwanda kimoja Gerezani. Tajiri wetu alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi wa hapa hapa mjini.

Mstari wetu tulikuwa saba. Zuhura binti Salum alishona kola. Siwatu mabega. Mimi mikono. Mwajuma na mdogo wake Tatu mbavu za shati. Mama Upendo vifungo. Bi Hadija, mkubwa wetu, pindo na kukagua.

Saa nne tunakunywa chai na mihogo ya kukaanga ya Mama Chausiku, pale getini. Mihogo ile sijaipata tena mji huu, sijui alikuwa anaifanyaje.

Sasa ikaja oda kubwa, mashati ya wauguzi. Mwenye oda alikuwa hajaamua, ashone kwetu au kwenye kiwanda kimoja huko Asia. Akamleta mtaalamu kutoka huko atupime kwa saa ya kubonyeza.

Bwana Jayanti akatuambia wazi, "Oda hii ikienda, mstari huu naufunga."

Mwaka huo ndio nilikuwa nimefiwa na mume, nina watoto watatu. Mjue nilikuwa kwenye hali gani.

Mgeni akapita siku nzima na saa yake. Tukampa jina, Bwana Saa. Jioni tajiri katuita, uso umekunjamana.

"Mafundi wa huko wanalipwa zaidi yenu," akasema. "Lakini shati lao moja linatoka rahisi kuliko lenu."

Mama Upendo akaruka, "Alipwe zaidi halafu shati liwe rahisi? Hesabu ya wapi hiyo, tajiri?"

"Mama Upendo, mishahara sigawi kwa watu, nagawa kwa mashati. Wao kwa siku wanatoa mengi. Nyinyi muda mnaupeleka wapi?"

Tukaapa hatuupeleki popote.

Mara Zuhura akaanza kucheka, kashika mbavu. "Tajiri, huyo mgeni alikuwa anabonyeza saa kabla ya kukaribishwa, au baada?"



Wakuu, tulikuwa tumejimaliza wenyewe! Kila Bwana Saa alipofika kwenye cherehani na kubonyeza, fundi anatoa mguu, anasimama, anafuta mikono. Karibu baba, umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo? Yeye hajui hata neno moja, anatabasamu tu, saa inakwenda. Salamu ya Bi Hadija peke yake ilitosha kushona mkono mzima wa shati.

Tajiri akaomba tupimwe tena. Akatuonya, "Kesho mtu asinyanyue kichwa."

Bi Hadija akasema, "Mgeni aingie nisimkaribishe? Mimi nililelewa, tajiri."

"Bi Hadija, nakuomba. Kesho tu."

Na hiyo kesho ndiyo Bwana Saa kaja amejifunza Kiswahili!

"Hamjambo, mama zangu?"

Vyerehani tu ndivyo vinalia. Akarudia. Nikamwona kwa pembe ya jicho uso umemshuka, kama mtu aliyefukuzwa mlangoni.

Nikashindwa. Nikawaona wanangu watatu, na bado nikashindwa. Kichwa chini, mguu unakanyaga, nikapaza sauti, "Hatujambo baba, karibu!"

Zuhura akadakia, "Karibu sana!" Mstari mzima ukaitika, na hakuna mguu uliosimama. Bi Hadija alimuuliza mgeni mpaka hali ya mama mkwe wake, huku pindo linakwenda.

Siku hiyo tuliwakaribia mno wenzetu wa huko. Kilichobaki, mgeni akakionyesha kwa kidole: kabati la nyuzi. Tajiri alikuwa analifungia ofisini kwake. Uzi ukiisha unaondoka, unabisha hodi, unangoja ufunguo.

Bwana Jayanti akacheka kwa haya, akalisukuma mwenyewe mpaka katikati yetu.

Oda ikabaki. Wanangu walisoma kwa mashati yale.

Kiwanda kilikuja kufa miaka mingi baadaye, sasa hivi ni ghala la mabegi ya nje. Zuhura, Siwatu, Mwajuma, Mama Upendo na Bi Hadija wametangulia, Mungu awarehemu. Tumebaki mimi na Tatu, yeye yuko Buguruni, macho yamepungua.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuambia hawa wavivu, wale hodari, muulize alipima nini. Na kabati la uzi limewekwa wapi.

Rehema naye ana mafundi watano, Ilala. Jana nimeingia, wote wakaacha vyerehani wakasimama. "Shikamoo, bibi!"

Nilitaka kuwaambia kaeni, kazi inalala. Mdomo ukakataa. Nikawaitikia mmoja mmoja, kwa majina yao.

Haya, mliowahi kufanya kazi viwandani, hapa au ughaibuni, semeni na nyinyi. Kwenu kabati la uzi lilikuwa wapi? Nasoma polepole, lakini nitamjibu kila mtu.