Diski ya Pili ya Mama Faili

Mama Faili alikuwa karani wa zahanati kwa miaka kumi na minane, na kila kadi ya mgonjwa iliyomo kwenye kompyuta aliichapa yeye mwenyewe. Kompyuta ilipojaa, daktari alimwambia, "Mama, futa waliokwisha kufa. Hawarudi hao."

"Wao hawarudi, daktari, ila watoto wao wanakuja kuniuliza mama yao aliugua nini. Niwajibu nini?"

Daktari akamletea diski ya pili ya kuongeza nafasi kwenye kompyuta. Fundi wa kuifunga aliahidi kuja Jumatatu. Ikafika Alhamisi hajaonekana. Basi saa ya mapumziko Mama Faili akachomoa umeme, akapiga magoti sakafuni huku kiuno kikimuuma, akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani yake. Akaisukuma diski mahali pake, akaikaza kwa skrubu nne, akachomeka waya wa umeme na ule mwembamba wa data. Alipowasha, diski haikuonekana. Akazima, akapiga magoti tena. Kumbe ule waya mwembamba ulikuwa umeingia nusu tu; akausukuma hadi mwisho, akawasha.

Safari hii diski ikaonekana, tupu kabisa. Akaiandaa, kisha akaanza kuhamisha mafaili ya zamani. Kompyuta ikaandika kwamba zimebaki saa tano.

"Umemaliza, mama?" daktari aliuliza akiwa mlangoni.

"Mimi nimemaliza. Yenyewe ndiyo kwanza inaanza," akajibu, akavua viatu, akalaza kichwa mezani.