Wimbo wa Tisa

Wiki iliyopita, nikiwa Dongobesh nasubiri majibu ya maombi ya kazi ambayo nimeyasoma upya mara ishirini nikitafuta kosa, simu ilinipendekezea albamu moja ya tangu utotoni mwangu. Nyimbo zote tisa, bila mkwaruzo. Badala ya kufurahi, nikakereka.

Mimi nilikua nikiisikia albamu hii nusunusu tu. Mwalimu wa hesabu, jirani yetu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, ndiye aliyeniazima CD. Ilianza na violini na kwaya, taratibu, kama ibada. Bibi, aliyekuwa akipukuchua mahindi, akaridhika. Halafu magitaa yakaingia kwa kishindo, mwanamume akanguruma, kuku wakakimbia.

"Hawa wamegombana?" akauliza.

Nikamweleza kwamba wanachanganya makusudi. Akasikiliza, gunzi mkononi. Mwanamke alipaza sauti juu kabisa, kwaya ikampokea, kama wazee wetu wanavyofanya kwenye sala: mmoja anatamka, wengine wanaitikia.

"Hao wa nyuma wanaitikia vizuri," akasema. "Huyo anayenguruma apelekwe zahanati."

Tatizo lilikuwa betri ya sola iliyoendesha redio yetu ya CD. Ilitunzwa kwa ajili ya matangazo ya vifo redioni jioni, maana kukosa msiba wa mtu wa Gendabi, tulikotoka, ilikuwa aibu. Kwa hiyo kila siku, wimbo wa sita ukiisha, Bibi alisema, "Zima." Nilipojaribu kuanzia wa saba alikataa, alitaka ule wa kwanza, wenye kwaya, na baada yake zifuate kwa mpangilio. Eti watu hawaingii kwenye sala katikati. Tukaenda hivyo miaka miwili, mpaka mwalimu akahamishwa na CD yake. Nyimbo tatu za mwisho sikuzisikia kamwe.

Sasa umeme upo, simu imejaa chaji, na Bibi hayupo. Msiba wake ulitangazwa kwenye redio ileile. Juzi nikaiweka albamu jikoni, nikapukuchua mahindi. Wa sita ukaisha. Katika kile kimya kifupi nikajikuta nimeinua kichwa, nasubiri kuambiwa. Wa saba ukaanza, mzuri kuliko nilivyowahi kuuwaza, kwaya inaitikia, yule bwana ananguruma, na jikoni hapakuwa na mtu wa kumpeleka zahanati.

Nikazima mwenyewe. Wa tisa upo, umbali wa kidole, na bado sijausikia.