Betri ya Pili Ilikuwa Imejaa

Pale gereji tunamwita Fundi Waya, na ukimwita jina jingine akiwa ameinama kwenye injini haitikii. Mimi ni wa matairi. Mabanda yetu yameshikana, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua bila kuuliza. Tangu usichana wake anatengeneza umeme wa magari ya watu wanaosafiri. Magari yanaondoka, yeye anabaki na grisi mikononi. Lile ziwa kubwa ambalo wateja hurudi wakilisimulia, hajawahi kulitia machoni.

Ndiyo maana mumewe, dereva mstaafu mwenye maneno matamu, aliponunua basi dogo la zamani na kumwambia, "Mke wangu, hili ni la kwenda ziwani, safari ya kwanza mimi na wewe tu," mwanamke yule alipata wazimu wa furaha. Alitengeneza kitanda, akashona mapazia, akaweka friji ndogo na betri ya pili ya kuiendesha. Betri hiyo aliiunganisha na altaneta kwa waya mnene, katikati akaweka rilei. Injini ikiwaka, altaneta inachaji betri zote mbili. Ikizimwa, rilei inazitenganisha, friji isije ikanyonya betri ya kuwashia gari mkalala porini. Njia nyingine ya kuichaji hakuweka.

"Tukitembea itajaa," aliniambia, "na sisi tutatembea." Nikamtania asije akatusahau sisi wa vumbini.

Aliijaribu friji gari likiwa limeegeshwa uani, mpaka betri ya pili ikaisha kabisa. Kabla hajaichaji, binti yao akajifungua, naye akaenda kumhudumia. Kila alipopiga simu kuulizia gari, mumewe alijibu, "Liko palepale. Hata kuligusa sijaligusa, nakusubiri wewe."

Aliporudi aliniita nyumbani kwao nikapime upepo wa matairi, maana safari ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma alipotoa mita yake akapima betri ya pili. Akapima tena. Akafuta ncha za mita kwa upindo wa gauni, akapima upya.

"Imejaa," alisema.

"Si ndiyo vizuri?" nilimjibu, mimi na akili zangu za matairi.

"Niliiacha tupu, jirani. Hii haijai gari likiwa limesimama."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Fundi Waya hakupandisha sauti.

"Ulikwenda nalo wapi?"

Bwana yule alijikuna shingo, akajaribu kucheka, kicheko kikamkatalia. Kaka yake na mkewe walikuwa likizoni, wakamng'ang'ania, sasa angefanyaje? Wakaenda ziwani. Hao wageni wakalala kwenye kitanda kile, nyuma ya mapazia yale, yeye akajikunja kwenye kiti cha mbele. Siku chache tu. Na ziwa lenyewe si lipo, halihami! Mtu mzima ovyo. Nilishika spana ya matairi kwa nguvu, nikaona bora niiweke chini.

Mumewe akadhani bado anaweza kumbembeleza. "Lakini kazi yako, mke wangu, ni ya uhakika! Friji haikuzima hata kidogo. Soda zilikuwa za baridi njia nzima. Shemeji yako kakusifu mpaka basi."

"Kumbe inafanya kazi," Fundi Waya akasema.

Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akachukua spana, akafungua nati, akauvuta waya wake wote kutoka kwenye altaneta hadi kwenye betri ya pili, akauviringisha na kuutundika begani.

"Sasa unaharibu nini?" mumewe aliuliza, chai imeshapoa mkononi. "Kesho si tunaondoka?"

"Nenda," alimwambia. "Mimi kesho nina magari ya watu."