Karatasi ya Mwisho ya Eudaldo

Eudaldo Pupo alikuwa amekereza vyuma miaka thelathini na minane katika kiwanda kimoja cha sukari mashariki mwa Kuba, na hakuwahi kuiamini kalipa yake, kifaa cha kupimia unene wa chuma. Kilicho chini ya sehemu tano katika mia za milimita haikukiona kabisa.

Hapo alitegemea karatasi ya kufungia sigara. Aliilowesha mafuta, akaibandika kwenye chuma kinachozunguka, akasogeza kisu taratibu mpaka kikainyakua. Basi alijua kisu kimebakiza unene wa karatasi tu, sehemu mbili na nusu katika mia.

Msimu huo shafti ya pampu ya maji ya miwa ilikatika. Amri ikaja: pampu isipofanya kazi Jumatatu, kiwanda kinafungwa. Eudaldo akaanza kukereza shafti mpya. Mikrometa, kipimo kinachoona zaidi ya kalipa, waliiomba miaka sita; kila barua ilijibiwa kwa barua. Karatasi nazo zilikuwa zimeadimika madukani. Nango, fundi wa pampu, alileta moja, masalio ya pakiti aliyotumiwa na shangazi yake kutoka ng'ambo.

Eudaldo aliipapasa kwa midomo. "Hii nyembamba kuliko zetu."

"Kwa kiasi gani, mzee?"

"Ningekuwa nazo ishirini ningezibana pamoja, nikapima, nikagawanya. Nyingine ziko wapi?"

"Nimezivuta."

"Zote? Mapafu yako yaoze, Nango!"

Mirelvis, meneja, aliingia mbio. "Kalipa inasemaje, mzee wangu?"

"Inasema sawa."

"Si basi!"

"Inasema haioni kosa, binti yangu. Kosa linaweza kuwepo."

"Jumatatu ni kesho. Kata."

Eudaldo akakisia unene wa ile karatasi, akakata.

Nango alichukua beringi, pete ya chuma ya kushikilia shafti, na nyundo. Nyundo hakuitumia. Beringi iliteleza yenyewe kwa kusukumwa na kidole gumba, ikafika mwisho wa shafti. Ilipaswa kubana mpaka igongwe. Eudaldo aliweka kalipa tena. Ilisema sawa.

Jumatatu pampu ilizunguka mpaka saa tano asubuhi. Beringi ikaanza kucheza, ikaitafuna shafti, moshi ukajaa.

Kwenye ripoti Eudaldo aliandika: hatuna kipimo. Ofisini walifuta, wakaandika: uzembe wa fundi. Mirelvis alitia saini bila kumtazama.

Alasiri malori ya miwa yalifika langoni, hayakupinda kuingia. Yaliendelea na barabara kwenda kiwanda kingine, na Eudaldo akayahesabu mpaka akachoka.