Kesi ya Mpaka Ndani ya Simu

Shamba langu la Ganda nililinunua kwa jasho la kuchonga mawe timboni. Darasa la pili lilinitosha, na hati yangu naijua kwa kuitazama tu. Kwa hivyo jirani yangu aliponidai ukanda wa hatua kumi, upande wa mikorosho, nilisema twende mahakamani. Binti yangu akanisihi: "Baba, kesi ya ardhi humzika mwenyewe. Kuna mpatanishi wa mtandaoni, mtamaliza kwenye simu."

Siku yenyewe nikavaa shati la sikukuu, nikaegemeza simu kwenye mtungi. Mpatanishi alikuwa mama mwenye sauti ya upole, lakini picha yake iliishia mabegani. Mtu anakusikiliza kesi na mikono yake huioni, utajuaje ameshika nini?

Mimi na jirani, kila mmoja kwake na simu yake, tulibishana kidogo, kisha mpatanishi akasema, "Mzee, naomba nizungumze na mwenzako faraghani. Subiri, zamu yako nayo itafika."

Kioo kikabaki cheupe. Mimi nimekaa vikao vya wazee tangu ujana; anayemvuta mmoja pembeni kashapewa kitu. Nikaiacha simu palepale, nikakatiza shambani mpaka nyuma ya jiko la jirani, nikatega sikio.

Jirani alikuwa akimwambia mpatanishi polepole. "Pale nilimzika mwanangu wa kwanza, kabla mzee hajanunua. Hakuna alama. Naogopa atapalima. Lakini hilo usimwambie."

Nikarudi mbio kama mwizi. Yule mama mpatanishi akatokea tena kwenye kioo. "Mzee, ule ukanda una mpango nao gani?"

"Mwambie kaburi la mtoto sitalilima."

"Mzee, mimi sijataja kaburi."

Akaturudisha sote kwenye kioo. Jirani akanitazama. "Nilisikia kishindo nyuma ya jiko nikadhani mbuzi. Kumbe mbuzi kavaa makubazi."

Sikuomba radhi siku ile. Nilisema mahali pa kaburi ni pake, na njia ya kupafikia. Kilichobaki ni changu. Akakubali, na mpatanishi akatuletea mapatano yameandikwa kwenye simu. Lakini kubonyeza lile neno la kukubali nilikataa, mpaka binti yangu aje anisomee maandishi yote, mara mbili.

Asubuhi jirani alinipeleka akanionyesha. Ardhi tupu, majani tu. Nikamuuliza mbona miaka yote hakuniambia.

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningesema kazua kaburi apate shamba. Nikashika panga, tukaenda kukata vijiti vya minyaa tupande ua kuzunguka kaburi.