Mkaa Chini ya Kitanda cha Mzazi

Siku yangu ya kwanza kambini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilivishwa kofia ngumu iliyonizidi kichwa, nikashinda nimeishika kwa mkono isije ikaniziba macho. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, na kila mwenye miguu alikuwa akitafuta kazi. Mimi nilikuwa mwokaji mikate Mocímboa. Waliponiuliza najua nini, nikasema najua moto. Wakanipeleka kitengo cha usalama.

Mkuu wa Usalama, tuliyemwita shefe, alikuwa Mmakonde wa Mueda, mpenda utani. Alinikabidhi kipima gesi, kidude cha kubana kifuani kinachopiga kelele hewa ikiharibika. Kazi yangu ilikuwa kukishusha ndani ya tangi kabla fundi hajaingia. Sote tuliogopa gesi ya baharini, lakini yeye alipenda kutuonya kuhusu nyingine.

"Kaboni ni nini? Ni mkaa," alisema. "Mama zenu waliwasagia mkaa mkiumwa tumbo, na hamkufa. Oksijeni je? Ni pumzi yenu hii. Sasa moto ukikosa hewa ya kutosha, hawa wawili huungana nusunusu, wakazaa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua. Wazazi wapole, mtoto jambazi."

Tulicheka sana. Baadaye nilihamishiwa ghala la bandarini Mocímboa, chini ya Msimamizi wa Ghala ambaye meno yake sikuwahi kuyaona, kisha nikarudishwa Palma. Nilifurahi, maana binti yangu Zena alikuwa karibu kujifungua.

Mkwe wangu, dereva wa kambi, alikuwa amejenga nyumba ya matofali yenye dari, madirisha ya vioo na mlango usiopitisha hata sisimizi. Zena alipopata mtoto wa kike, mke wangu alihamia pale kumlea. Kwetu mzazi huota moto: hulazwa kitanda cha kamba, chini kukawekwa chungu cha makaa, na hatoki nje mpaka arobaini.

Mchana mmoja wa mvua, madirisha yote yamefungwa, nilipita kumwona mjukuu, kipima gesi bado kifuani. Mkwe nilimkuta barazani. Nilipoingia chumbani tu, kidude kikaanza kupiga kelele.

"Baba Zena, kizime hicho," mke wangu akasema. "Utamwamsha mtoto."

Mtoto hakuamka. Kelele zile ziliwahi kumwamsha mlinzi wa geti, sembuse kichanga.

"Tokeni nje wote."

"Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini. Wewe mwenyewe wajua."

"Mama Zena, toka."

"Kwa amri ya nani?"

Nilimbeba mtoto nikamwita mkwe amshike mkewe, kwani Zena alijaribu kusimama miguu ikamkataa. Mke wangu alitufuata akinung'unika, na alipofika barazani akatapika. Mjukuu alikuwa kimya mikononi mwangu. Nilimpepea, nikasoma kila dua niliyoijua na nyingine nusu nusu. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, ngumi zimekunjwa, na mimi nikalia naye.

Gari la kambi lilitupeleka hospitali. Wote watatu waliwekewa oksijeni, ile ile, safari hii bila mwenziwe.

Waliporudi nyumbani, Mkuu wa Usalama alikuja kuwajulia hali. Mke wangu alikuwa amemsubiri.

"Shefe, bibi yangu aliota moto, mama yangu aliota, na mimi pia. Hakufa mtu. Leo mkaa umekuwa adui?"

"Mama, nyumba ya bibi yako ilikuwa na dari?"

Nyumba zetu za udongo zina uwazi chini ya paa, na hewa mbaya hutoka kupitia hapo bila kuaga.

"Kumbe kosa ni la mkwe wangu na vioo vyake," mke wangu akasema. Mkwe akaangalia miguu yake, shefe akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Siku ya kustaafu nilirudisha kofia na kipima gesi. Kazi, hata hivyo, ilibaki nyumbani. Mke wangu akienda kumwona mzazi yeyote, hufungua madirisha kwanza, akapeleka makaa uani, ndipo atoe salamu. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto bado anakanda, na hapo hana mpinzani.

Mjukuu wangu sasa ni msichana mrefu mwenye sauti ya kuvunja vyungu. Anaimba akifua, anagombana na kuku, anacheka peke yake. Majirani wakimwambia anyamaze, mimi huwaambia wamwache.