Mama Inchi Mbili arudi mjini na kaunta

Saa mbili asubuhi, pikapu inasimama mbele ya duka jipya la vitenge mtaani Nyamagana, na kabla injini haijazimwa Evelina Malimi ameshateremka. Nyuma kuna kaunta ya mninga aliyoitengeneza nyumbani Buswelu. Leo itaingia katikati ya kuta mbili au itarudi ilikotoka, na mtaa umetoka kushuhudia.

"Mama Inchi Mbili, umekuja na msumeno?" anauliza Elias, mwenye mgahawa wa jirani.

"Nimeuacha nyumbani. Njoo ubebe upande huo!"

Jina hilo alipewa na Elias mwenyewe, mwaka jana, 1995. Evelina alifundishwa useremala na baba yake, aliyemwachia rula ya mbao yenye inchi tupu. Mbao nazo huuzwa kwa inchi: mbili kwa nne, moja kwa kumi. Lakini tangu biashara huria ishike kasi, wateja wanamletea vipimo vya majokofu na magodoro ya nje, vyote kwa sentimita.

"Nikajitafutia njia ya mkato," anasimulia akicheka. "Sentimita kumi, inchi nne. Kwenye stuli na vishubaka, mambo safi kabisa."

Kwenye kaunta ya Elias, ya mita tatu, mambo yakaenda mrama. Kila sentimita kumi ilikuwa na kijisehemu cha ziada, na haba na haba hujaza kibaba. Kaunta ilizidi nafasi yake kwa karibu inchi mbili. Ilikatwa palepale, huku wateja wakila chapati na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Nikadai kuta zimesogea. Ndiyo wakazidi kucheka!"

Siku hizi hesabu ni ileile, ila kila mita anaipunguza nusu inchi na ushee. Mita tatu haiwi tena inchi mia na ishirini, bali mia na kumi na nane.

Kitanda kimoja humwachia faida ya shilingi elfu nne, na humo ndimo inamotoka ada ya watoto wake wawili, Kija na mdogo wake. Zeenat, mwenye duka hili, ni mteja wake wa kwanza wa mjini tangu jina lile lisambae. Akikosea leo, hapati mwingine.

Kaunta inainuliwa. Upande wa kushoto unaingia. Wa kulia unagoma.

"Inchi mbili!" Elias anapaza sauti.

Evelina anapapasa ukuta, anakwangua donge la lipu lililokaukia pale, kisha anaisukuma kaunta kwa kiganja. Inateleza ndani na kutulia. Vigelegele vinapigwa mpaka ng'ambo ya barabara, na fundi mwenyewe anacheza.

"Mama Kija, umeniweza!" anasema Zeenat. "Sasa nataka na rafu, ukuta mzima. Vipimo nikupe kwa sentimita?"

"Nipe kwa chochote, dada."

Kabla ya Krismasi, Evelina anataka kukodi chumba cha karakana mtaa huuhuu. Elias, aliyepiga makofi kuliko wote, anatangaza kuwa jina lile amelifuta.

"Thubutu!" Evelina anamrukia. "Kwenye kibao changu niandike nini? Kitasema Mama Inchi Mbili, Fundi Seremala. Na kitakuwa na urefu wa mita moja kamili, uje upime mwenyewe."